Uhuru, madaraka, jamhuri, dola: kisheria sio kitu kimoja, tuelewane kabla ya kugombana

Kalamu ya Sinza (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Kila Disemba ikikaribia ubishi ni ule ule, kwenye daladala, kijiweni, na humu ndani ndo usiseme. Mmoja anasema hatujawahi kuwa huru, mwingine anasema uhuru ulipatikana 1961 na mjadala umefungwa, anaingia wa tatu na Zanzibar yake, wa nne na bandari, na wote wanne wanaongelea vitu vinne tofauti. Mada hii naipenda na inaniuma, maana mengi tunayogombania sheria ilishayatenganisha zamani, sasa acha niyamwage hapa tuyajadili kwa ustaarabu.

Nianze na uhuru wenyewe. Kwenye sheria ya kimataifa nchi huru ni ile ambayo hakuna dola nyingine yenye haki ya kuiamuru, juu yake ipo sheria ya kimataifa tu ambayo inawabana wote. Hii maana ilielezwa vizuri sana na Jaji Dionisio Anzilotti mwaka 1931 kule The Hague, kwenye shauri la Austria na Ujerumani. Nchi hizo mbili zilitaka kuunganisha forodha zao, na Austria ilishaahidi mwaka 1922 ilipopewa mkopo kwamba haitauachia uhuru wake wa kiuchumi. Majaji wakagawanyika 8 kwa 7, wengi wakasema mpango ule hauendani na ile ahadi. Ila maelezo ya Anzilotti ndo yamebaki yanafundishwa vyuoni mpaka leo: nchi kumtegemea mwenzie kimaisha, au kujifunga kwa mikataba, hakuiondolei uhuru maadamu haijawekwa chini ya amri ya dola nyingine. Kwa hiyo anayesema "hatuko huru kwa sababu tunakopa" anaongelea uchumi, ana haki yake na mara nyingi namsapoti, lakini hiyo sio hoja ya kisheria na asiichanganye.

Sasa twende nyumbani. Tanganyika kisheria haikuwa koloni la Mwingereza. Koloni tulikuwa la Mjerumani, akashindwa vita, na mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likathibitisha kumkabidhi Mwingereza aitawale nchi kwa niaba yake. Mwaka 1946 tukawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, yaani Mwingereza anaishika nchi kwa muda tu na Umoja wa Mataifa unamwangalia. Kenya wao walifanywa koloni mwaka 1920, ukiacha ule ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani. Zanzibar tangu 1890 na Uganda tangu 1894 zilikuwa nchi lindwa, yaani mtawala wa pale anabaki na enzi yake ila Mwingereza anashika ulinzi na mambo ya nje. Najua mtu atasema mbona bwana shauri alikuwa yule yule na kodi ya kichwa ile ile, ni kweli kabisa, aliyekuwa analima barabara kwa nguvu hakuona tofauti yoyote. Lakini tofauti ilifanya kazi. Machi 1955 Mwalimu alienda New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini akaisemea TANU, na Gavana hapa Dar hakuwa na ubavu wa kuufunga ule mlango. Wenzetu wa Kenya hawakuwa nao, koloni lilihesabiwa ni mambo ya ndani ya Mwingereza.

Madaraka ni hatua nyingine. Mei 1961 Mwalimu akawa Waziri Mkuu, mambo ya ndani yakawa mikononi mwetu ila ulinzi na mambo ya nje bado kwa Gavana. Kenya hatua hiyo wanaiadhimisha kila tarehe 1 Juni, sisi hatuna sikukuu yake ndo maana wengi hawajui hata kama iliwahi kuwepo.

Halafu 9 Disemba 1961. Picha tunayoijua wote ni bendera kushuka na nyingine kupanda usiku wa manane pale uwanjani. Kisheria kilichofanya kazi ni sheria ya Bunge la Uingereza iliyosema kwamba kuanzia siku hiyo serikali yao haina tena jukumu la kuitawala Tanganyika na sheria watakazotunga kule hazitafika huku. Siku tano baadae, 14 Disemba, tukaingia Umoja wa Mataifa kama dola.

Sasa hapa ndo wengi wanapopotea: siku hiyo Malkia Elizabeth II aliendelea kuwa mkuu wa nchi yetu. Alikuwa Malkia wa Tanganyika, anawakilishwa na Gavana Jenerali, Sir Richard Turnbull, yule yule aliyekuwa Gavana. Je tulikuwa huru? Ndiyo, kwa sababu kuanzia hapo Malkia kwenye mambo ya Tanganyika alifuata ushauri wa mawaziri wa Tanganyika, sio wa London. Kanada na Australia wako hivyo mpaka leo na hakuna anayesema ni makoloni.

Jamhuri ndo ikaja 9 Disemba 1962. Haikuongeza uhuru mbele ya mataifa, ilibadilisha mkuu wa nchi, Malkia akatoka akaingia Rais. Lakini mimi naiona nzito kuliko watu wanavyoichukulia, kwa sababu ile katiba ya 1961 ilitoka kwa amri ya Malkia na hii ya jamhuri ilitungwa hapa hapa, Bunge likajigeuza Bunge la Katiba. Chimbuko la sheria likahama kutoka London likaja Dar. Ndo maana sikukuu inaitwa ya Uhuru na Jamhuri, ni mambo mawili kwenye tarehe moja.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Mzee wa Magomeni Mapipa

Kijana umeandika vizuri na nimesoma yote. Lakini mimi nilikuwa mtoto mkubwa Januari 1964 jeshi lilipoasi pale Colito, ambapo leo ni Lugalo. Mji ulisimama. Halafu tarehe 25 tukasikia makomandoo wa Kiingereza wametoka melini wameshuka, wamelituliza jeshi letu kwa nusu siku. Serikali huru inamwita aliyeitawala juzi aje kuinyang'anya silaha askari wake. Hiyo sheria yako inasemaje hapo?

Kalamu ya Sinza

Shikamoo mzee wangu, na asante sana kwa kuchangia, watu wa umri wako humu ni wachache.

Ile ilikuwa aibu kubwa na sitaipamba. Maafisa wengi wa lile jeshi walikuwa bado Waingereza na hilo lilikuwa moja ya manung'uniko ya askari. Ila tazama nani aliwaita na nani aliweza kuwaondoa. Waliombwa na serikali ya Tanganyika, wakaja kwa ombi, wakaondoka, wakaja wanajeshi wa Nigeria kushika nafasi wakati jeshi jipya linajengwa. Miaka mitatu nyuma yake Gavana angeleta jeshi la Malkia bila kumuuliza mtu yeyote pale Karimjee, ukumbi lilipokuwa Bunge letu. Hiyo haki ya kusema njoo na ondoka ndo uhuru wa kisheria. Kwamba tulikuwa hatuna nguvu ya kujilinda, hiyo nakubaliana na wewe kabisa mzee.

Binti Mbagala

Kaka Kalamu mimi sio mwanasheria, nauliza kama mwananchi wa kawaida. Hii tofauti ya udhamini sijui koloni sijui dola ilitusaidia nini kikubwa mbali na Mwalimu kwenda New York? Nipe kitu kimoja cha kushika mkononi.

Kalamu ya Sinza

Dada swali zuri na jibu lake liko bandarini hapo hapo Dar.

Mwaka 1921 Mwingereza na Mbelgiji walikubaliana kwamba Mbelgiji apewe maeneo ndani ya bandari ya Dar es Salaam na ya Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite kirahisi. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Kodi yake faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba: milele. Dada soma tena hapo, milele, kwa faranga moja.

Uhuru ulipokaribia swali likawa Tanganyika itarithi huo mkataba au la. Mwalimu akalieleza Bunge msimamo ambao leo vitabu vya sheria ya kimataifa dunia nzima vinauita kanuni ya Nyerere. Mikataba ya nchi mbili mbili ambayo Mwingereza aliisaini kwa ajili ya Tanganyika tutaiheshimu kwa miaka miwili, ndani ya muda huo tunakaa na kila nchi tunaongea, miaka miwili ikiisha ile ambayo hatujakubaliana nayo inakufa, isipokuwa kama sheria ya kimataifa yenyewe inailazimisha. Na kuhusu Belbase hakusubiri hata hiyo miaka miwili, alisema mkataba huo hautubani. Hoja yake ni kwamba Mwingereza alikuwa anaishika nchi kwa muda tu, sasa aliyekabidhiwa kwa muda anatoaje ardhi ya milele? Ni kama msimamizi wa mirathi apangishe kiwanja cha yatima milele kwa shilingi moja, yatima akishakuwa mtu mzima ana haki ya kuuliza nani alikupa ruhusa hiyo.

Hiyo hoja isingekuwa na meno tungekuwa koloni la kawaida. Imesimama kwa sababu ya ile karatasi ya 1922 ya Shirikisho la Mataifa.

Na msimamo huo huo ndo tuliutumia kwa maji ya Nile. Mkataba wa 1929 kati ya Mwingereza na Misri ulizuia kazi yoyote ya kupunguza maji yanayokwenda Misri bila Misri kukubali, na Ziwa Victoria limo. Mwaka 1962 Tanganyika ikaziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haijitambui kufungwa nao. Hayo maji wanayokunywa watu wa Shinyanga na Kahama kutoka Ziwa Victoria yana historia hiyo nyuma yake.

Binti Mbagala

Faranga moja!! Aisee hii haikufundishwa darasani kwetu. Asante kaka, nimeelewa.

Mpemba wa Ilala

Assalaam alaykum. Ndugu mleta uzi umepita Zanzibar haraka haraka kama ilivyo kawaida ya wenzetu wa upande huu. Zanzibar ilipata uhuru 10 Disemba 1963, ikawa na kiti chake Umoja wa Mataifa, leo hata kutajwa hiyo tarehe haitajwi. Nataka uniambie kisheria, ilikuwa huru au haikuwa?

Kalamu ya Sinza

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nakujibu kwa sheria tupu, ya siasa niyaache.

Ilikuwa huru. Zanzibar haikuwa mali ya Malkia, ilikuwa nchi lindwa, mwenye enzi alikuwa Sultani na Mwingereza alishika ulinzi na mambo ya nje, ingawa kiuhalisia aliendesha karibu kila kitu. Kwa hiyo sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 kuhusu Zanzibar haikutoa nchi kumpa mtu, ilimaliza ulinzi. Tarehe 16 Disemba 1963 ikaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya.

Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliiondoa serikali na Sultani. Wapo wanaosema uhuru wa kweli ni huo wa Januari kwa sababu ndo wengi walipopata nchi yao, na maumivu yaliyo nyuma ya maneno hayo nayaheshimu. Ila kisheria serikali ikipinduliwa dola haifi. Dola ya Zanzibar iliendelea, na ndo iliyokaa mezani na Tanganyika kusaini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964. Muungano ukaanza tarehe 26, viti viwili Umoja wa Mataifa vikawa kimoja.

Mpemba wa Ilala

Sawa, hapo umetenda haki. Na leo je? Katiba ya Zanzibar baada ya marekebisho ya 2010 inasema Zanzibar ni nchi. Ya Muungano inasema Tanzania ni nchi moja. Ipi kweli?

Wakili Asiye na Joho

Naomba nilijibu hili mimi maana nimelifuatilia. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2000 kwenye shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, walioshtakiwa Zanzibar kwa uhaini. Mahakama ikasema uhaini unafanywa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, Zanzibar peke yake sio dola kwenye sheria ya kimataifa, hivyo shtaka la uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi halisimami. Angalia hapo, shtaka zima la wale watu 18 liligeukia kwenye maana ya neno dola. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Pinda aliposema bungeni Zanzibar sio nchi moto ukawaka, na miaka miwili mbele yakaja hayo marekebisho. Mimi nasoma hivi: nchi kwa maana ya eneo lenye watu wake, mipaka yake, serikali, baraza na mahakama, ipo. Dola inayosaini mikataba na kuketi Umoja wa Mataifa ni moja. Tatizo ni kwamba ile katiba ya 2010 imeandikwa kwa namna inayovuta zaidi ya hapo, na hilo halijawahi kukaliwa kitako likamalizwa. Linatakiwa limalizwe kwa katiba mpya, sio kwa kauli za wanasiasa.

Mpemba wa Ilala

Hapo kwenye katiba mpya tuko pamoja.

Kijana wa Tegeta

Wakuu mnazunguka tu. Tuongee ya leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki tuna forodha ya pamoja tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010, mahakama iko Arusha inaihukumu serikali yetu. Halafu 2023 ikaja ile ya bandari na Dubai. Uhuru umebaki wapi hapo?

Wakili Asiye na Joho

Kijana hapo rudi kwa Anzilotti kwenye posti ya kwanza, na uongeze shauri la meli Wimbledon la 1923. Ujerumani iliizuia hiyo meli isipite mfereji wa Kiel na mahakama ile ile ya The Hague ikasema haki ya kujifunga kwa mkataba ni sehemu ya mamlaka kamili ya dola, kuitumia sio kuipoteza. Asiye huru hawezi kusaini kitu. Arusha tunahukumiwa kwa sababu tulikubali wenyewe, na mlango wa kutoka umeandikwa kwenye mkataba wa Jumuiya.

Ya bandari. Mkataba ulisainiwa Oktoba 2022, Bunge likauridhia 10 Juni 2023, Mahakama Kuu Mbeya ikatupa shauri la kuupinga Agosti mwaka huo. Watu wengi walilia kwamba uhuru umeuzwa. Kwangu mimi maswali makali ya kisheria yalikuwa mengine: je Dubai, ambayo ni moja ya falme 7 za Umoja wa Falme za Kiarabu na sio dola yenyewe, ina uwezo wa kufunga mkataba wa namna hiyo? Muda wake unaisha lini? Na zile sheria zetu za 2017 za mamlaka ya nchi juu ya maliasili zinaheshimiwa? Ukipiga kelele ya "tumeuzwa" serikali inakujibu kirahisi, ukiuliza muda na uwezo wa aliyesaini wanalazimika kufungua makaratasi. Mwalimu na Belbase alihoji vitu hivyo hivyo, muda na uwezo.

Kalamu ya Sinza

Wakili hapo umegonga penyewe. Kwa sababu hiyo tu nilileta uzi huu.

Mama Kelvin

Samahani kuuliza, kuna nchi zinajitangaza zenyewe kuwa huru. Hizo nazo zinahesabika? Naona watu wanasema ukishajitangaza imetosha.

Kalamu ya Sinza

Mama haitoshi. Mkataba wa Montevideo wa 1933 unataka watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Lakini hata hivyo vinne sio mwisho. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu, alijitangazia uhuru Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Eneo alikuwa nalo, watu walikuwepo, serikali yake ilifanya kazi miaka kadhaa. Baraza la Usalama likaziambia nchi zisiitambue na hakuna iliyoitambua rasmi, kwa sababu ulikuwa uhuru wa Wazungu wachache juu ya Waafrika walio wengi, na tangu azimio namba 1514 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la 14 Disemba 1960 haki ya kujitawala ni ya watu wa nchi. Sisi tulivunja ubalozi na Uingereza Disemba ile ile ya 1965 kwa sababu ilishindwa kumshughulikia Smith, pamoja na kwamba tulikuwa tunategemea misaada yao.

Upande wa pili tupo na Biafra, ile sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga, tuliitambua Aprili 1968, wa kwanza duniani. Zikafuata nchi chache tu, na Januari 1970 Biafra ikaisha. Kutambuliwa kunasaidia sana lakini hakumuumbi asiyeweza kusimama.

Kijana wa Tegeta

Mimi bado moja. Nimesikia mahakama zetu mpaka leo zinatumia sheria za Kiingereza za mwaka 1920. Kama ni kweli basi mzee wa Magomeni alikuwa sahihi.

Kalamu ya Sinza

Ni kweli, tarehe yenyewe ni 22 Julai 1920. Sura ya 358 ya sheria zetu inaruhusu mahakama kutumia kanuni za Kiingereza zilizokuwepo siku hiyo pale ambapo sisi hatuna sheria yetu na mazingira yetu yanaruhusu. Ila angalia nani anasema zitumike. Kabla ya uhuru ilikuwa amri ya Mfalme wa Uingereza. Leo zinatumika kwa sababu Bunge la Dodoma halijazifuta, na siku likitaka linazifuta kwa kura ya asubuhi moja bila kumpigia simu mtu London. Rufaa za kwenda kwa Baraza la Faragha la Malkia zilikatwa na jamhuri, ikabaki Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, na mwaka 1979 tukaanzisha Mahakama yetu ya Rufani.

Kwa nini Bunge halijazifuta miaka yote hii, hilo ndo swali la kumuuliza mbunge wako, na mimi ningependa sana kusikia atakujibu nini. Kesho nikitulia nitaleta ya uraia, maana siku ile ya 9 Disemba 1961 kuna watu hapa Dar waliamka raia wa Tanganyika na majirani zao wa ukuta mmoja hawakuwa, na sababu ilikuwa wapi mzazi mmoja alizaliwa.

Mzee wa Magomeni Mapipa

Ilete hiyo ya uraia. Mtaa wetu iliwagusa wengi.